Anayesema Katika Tangazo la Filamu ni Nani?

Wahenga walituachia usemi kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau wangeiona biashara ya filamu ya siku hizi, huenda wangeongeza kuwa, kiwe kizuri au kibaya, hutembezwa na mnunuzi mwenyewe, tena bila ujira.

Hilo ndilo ninalowaomba walimu na wanafunzi wa Meru na Embu walitafakari. Zamani, gari la sinema lilipozuru masoko ya mashambani, kipaza sauti kilitangaza bidhaa waziwazi, na picha zikaonyeshwa. Kila aliyehudhuria alijua nani asemaye na anauza nini. Muuzaji alitumia nafsi ya kwanza wingi: sisi tunauza, ninyi nunueni.

Kampuni za filamu za Marekani zimeigeuza sarufi hiyo hatua kwa hatua. Mnamo 1999, waliotengeneza The Blair Witch Project walitumia tovuti iliyodai kwamba wanafunzi watatu wa hadithi hiyo walikuwa wametoweka kwelikweli. Watu wakabishana, wakaambiana, wakaenda kujionea. Filamu iliyopigwa kwa makumi ya maelfu ya dola iliingiza karibu dola milioni 250. Mnamo 2001 ikafichuka kwamba kampuni ya Sony ilikuwa imebuni mhakiki kwa jina David Manning, mtu asiyekuwepo duniani, ili azisifu filamu zake.

Kufikia 2023, wauzaji wa Barbie hawakuwa na haja ya kumbuni mtu. Waliweka intanetini programu iliyomwezesha yeyote kutia sura yake katika bango la filamu hiyo na kuwatumia marafiki. Mamilioni waliifanya kazi hiyo kwa furaha, na filamu ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.4.

Mwanaisimu huona hapa jambo moja: kampuni imeacha kusema "sisi" na kuazima "mimi" ya mtazamaji. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chuka au cha Embu anapoisambaza klipu kwa simu yake, wenziwe husikia sauti ya rafiki wanayemwamini. Aliyelipwa kusifu huzungumza vivyo hivyo, na aghalabu malipo hayatajwi.

Je, tuilaani mitandao ya kijamii? La hasha! Kijana wa Maua au Siakago aliyepiga filamu kwa Kimeru au Kiembu, asiye na fedha za mabango wala za redio, amepata humo njia ya kuwafikia watu wa lugha yake popote walipo. Mtaji wake mkubwa ni kuaminiwa na wasemaji wenzake. Tukizoea kuazimisha ndimi zetu kwa kila mwenye fedha, mtaji huo utakwisha, na siku tutakapoisifu kazi yake kwa haki, nani atatusadiki?

Dawa haiko mbali. Katika isimujamii, shule zetu za upili hufundisha sajili ya matangazo, lakini mara nyingi mifano ni ile ile: vibandiko vya sabuni, minada, na makuli wa stendi wanaonadi safari. Mwalimu na aingie darasani na tangazo la filamu lililoenea wiki hiyo, kisha aulize maswali matatu. Nani anasema? Nani anamlipa? Ni nini ambacho hakikusemwa? Mtaala wa umilisi umeutaja ujuzi wa kidijitali kuwa mojawapo ya umilisi wa kimsingi. Kujua kubonyeza simu ni sehemu ndogo tu ya ujuzi huo. Kumtambua asemaye ndiko kuelimika.

Nanyi wanafunzi, filamu ikiwapendeza, isifuni kwa moyo mkunjufu. Kwanza itazameni.