Kumfunga Ndama Kamba Si Kumtia Ganzi

Kijana, kama umelelewa Mwala, Kathiani au Masinga, hii kazi unaijua. Wanaume wanne wanamwangusha ndama, mmoja anakalia shingo, mwingine anakata pembe. Dakika chache, mambo yamekwisha. Ndama akinyamaza tunasema ni mvumilivu.

Ukweli ni kwamba ng'ombe huficha maumivu. Damu yake haifichi. Watafiti waliopima kotisoli, homoni ya msongo, waliikuta imepanda kwa saa kadhaa kwa ndama waliokatwa pembe bila ganzi. Lignokeini ikidungwa kwenye neva iliyo kati ya jicho na pembe, kisha ungoje dakika kama kumi, ndama hasikii msumeno. Lakini baada ya saa mbili hivi ganzi huisha na maumivu yanarudi. Ndiyo sababu anahitaji pia dawa ya kutuliza maumivu, kama meloksikamu, ambayo sindano moja humsaidia kwa siku nzima.

Haya si mageni. Yanafundishwa Kabete, katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Shida ni kwamba yakifika bomani yanageuka kamba na nguvu za mikono.

Tuache pia kudanganyana. Koleo la Burdizzo halimwagi damu, lakini kuhasi nalo kunauma. Zailazini humtuliza ndama, lakini peke yake haitoshi kuzima uchungu wa kisu. Na mwanambuzi si ndama mdogo: lignokeini ikizidi uzito wake inaweza kumuua, kwa hivyo kipimo hakikisiwi kwa macho.

Utasema dawa ni gharama. Basi usingoje pembe zikomae. Ndama akichomwa vichipukizi kabla ya miezi miwili, kidonda ni kidogo na dawa inayohitajika ni kidogo.

Huduma za mifugo ziligatuliwa 2013, kwa hivyo kaunti ya Machakos ihakikishe mkoba wa afisa wa mashinani una ganzi na dawa ya maumivu, si chanjo pekee. Wewe unayesomea udaktari wa mifugo, usiache ulichosoma darasani. Na wewe mwenye boma, mwite mhudumu aliyesajiliwa, kisha kabla hajagusa kisu muulize maswali mawili: utampa ganzi gani, na ikiisha utampa nini? Akikosa jibu, ndama wako asiangushwe.