Urefu wa Digali, Ufupi wa Shilamu

Nimechoshwa na tafsiri ambamo kila Mzungu avutaye tumbaku hupewa “kiko kirefu”, kisha mfasiri akaendelea na safari yake. Kirefu wapi? Kimerefuka mti au kimerefuka mahali pa mdomo? Wenzangu hunijibu kuwa hili ni jambo dogo, kiko ni kiko. Mimi nasema si dogo, kwa sababu maneno ya kulieleza tunayo, nasi tumeyaacha yaote kutu.

Wazee wa pwani hawakukitazama chombo hiki kwa jicho la juujuu. Katika kiko cha maji walitaja bori, nalo ni kichwa cha udongo kinachobeba tumbaku na moto. Wakataja digali, mti unaoshuka kutoka borini hadi kwenye kifuu au kibuyu chenye maji. Wakataja na shilamu, ipelekayo moshi kinywani. Hata ule mgugumo wa maji haukukosa jina: ni malio ya kiko. Watu waliotia jina mpaka katika sauti leo wanarithiwa na wafasiri wasiojua kutenga mti na mdomo!

Tuchukue basi kiko kikavu cha Ulaya, kile kichongwacho kwa kifundo cha mzizi wa mmea uitwao Erica arborea, unaoota kandokando ya Bahari ya Kati. Mji wa Saint-Claude, Ufaransa, umejulikana kwa kazi hiyo tangu katikati ya karne ya 19. Humo bori na digali ni pande moja la mti. Shilamu, aghalabu ya eboniti, huchomekwa mwishoni. Kwa hiyo viko vya digali refu ni ukoo wa peke yake, na ndugu zake ni wanne. Canadian ina digali la mviringo uliobonyea kama yai, na shilamu fupi inayopungua taratibu. Lumberman ina digali hilo hilo, ila shilamu yake hukatwa ghafla baada ya kiungo ikawa bapa, mfano wa tandiko la farasi. Liverpool na Lovat madigali yake ni ya duara kamili. Ya kwanza ina shilamu ya kupungua taratibu, ya pili ina ya tandiko. Ama Churchwarden, kinachosifiwa na wengi kwa urefu, si wa ukoo huu hata kidogo: urefu wake umo katika shilamu. Anayeviita vyote “kiko kirefu” amewavisha kanzu moja watu wa koo mbili.

Miongoni mwa hao wanne mimi nampa taji Canadian, wala sioni haya kusema kwa nini. Mpenzi wa ushairi atanielewa upesi. Digali linakwenda refu, kisha shilamu inakatika mapema, kama shairi la msuko ambalo kituo chake kina mizani pungufu kuliko mishororo iliyotangulia. Ule ufupi wa mwisho ndio unaoupa urefu wa kwanza maana. Tena fundi hana pa kujificha. Anahitaji pande refu la mzizi lisilo na ufa wala shimo, na keekee yake ipite katikati ya digali jembamba bila kuyumba. Ikipotoka, mti umeharibika. Lumberman namheshimu, lakini lile tandiko lake ni kama kina kilichotiwa kwa nguvu: sikio linakikubali, moyo unakikataa.

Watetezi wa viko vilivyopinda wana hoja moja ya kweli. Kiko kilichopinda huning’inia, hakiyachoshi meno kama kilichonyooka. Nakubali. Lakini katika pindo hilo unyevu hupenda kutuama, kikaanza kulia pasipo kutiwa maji. Malio ni sifa ya kiko cha kifuu. Kwa kikavu ni aibu.

Hoja yao nyingine ni ya picha: wanasema mtu mwenye hekima huvuta kiko kilichopinda, na shahidi wao ni Sherlock Holmes. Shahidi huyu anawakana. Arthur Conan Doyle alimpa viko vya udongo na vya mti, na katika hadithi ya “The Adventure of the Copper Beeches”, ya mwaka 1892, akampa kirefu cha mti wa mcheri, ambacho Holmes alikishika alipokuwa na hamu ya kubishana. Kile kibuyu kikubwa kilichopinda kililetwa na waigizaji na wachoraji. Mfasiri anayekitia kitabuni anafasiri jalada.

Nasi visiwani tuna mpelelezi wetu mvuta kiko, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetufikia kwa kitabu cha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Haiwi fasihi iliyomzaa mtu huyo ikose neno la kutaja anachokishika mkononi.

Nitaambiwa kuwa tumbaku inaua. Inaua kweli, Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya milioni 7 kila mwaka, wala simwiti mtu avute. Neno digali halina moshi. Nitaambiwa pia kuwa vijana hawalijui. Watalijuaje, ikiwa sisi tunaowaandikia tunaliogopa? Msomaji anayevumilia maneno ya kale katika utenzi hatashindwa na mawili ya kiko.

Basi ombi langu kwa wafasiri na wahariri ni hili: kabla ya kuandika “kirefu”, ulizeni ni digali au ni shilamu. Kisha andikeni jibu.