Likasi: Kabla ya kununua taa za kulimia nyanya, tupime udongo

Msimu wa mvua unapofika, mkulima wa nyanya katika Haut-Katanga anajua kinachomngoja: majani yenye madoa meusi na matunda yanayoozea shambani. Sehemu ya nyanya tunazokula zinatoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Agosti 2024, Zambia ilipofunga mpaka kwa muda mfupi kutokana na mzozo wa biashara, raia walikumbushwa jinsi sahani yao inavyotegemea malori ya jirani.

Ndiyo maana wazo la kulima nyanya ndani ya nyumba, chini ya taa za umeme, linavutia wengi. Je, linaweza kusaidia familia za Likasi na za vijiji vinavyouzunguka mgodi wa Shinkolobwe, karibu kilomita 20 kutoka mjini?

Tuanze na umeme. Taa moja ya wati 100 ikiwaka saa 14 kwa siku inakula kilowati-saa 1,4. Nyanya inahitaji miezi mitatu hivi kutoka mbegu hadi tunda la kwanza, yaani zaidi ya kilowati-saa 120 kwa miche michache tu. Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, linatoa umeme tangu 1930, lakini viwanda vya madini vinahitaji sehemu kubwa, na mitaa ya raia inazoea giza. Hata Uholanzi, bei ya umeme ilipopanda mwaka 2022, wakulima wengi walizima taa zao.

Tena, taa zilibuniwa kwa nchi zenye baridi na mchana mfupi. Likasi, hata mwezi wa Juni, mchana unazidi saa 11. Jua tunalo, na halilipiwi.

Udongo ndio wenye mashaka. Madini ya urani yaligunduliwa Shinkolobwe mwaka 1915, na sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945 ilitoka huko. Miaka mingi baadaye, maelfu ya wachimbaji wa mikono walifuata kobalti na shaba. Januari 2004 Rais wa Jamhuri aliamuru mgodi ufungwe. Julai mwaka huo sehemu yake iliporomoka na kuua watu. Kijiji kilichokuwa kando yake kilibomolewa.

Kufunga shimo hakusafishi ardhi ya jimbo zima. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga una kobalti nyingi kupita kiasi. Uchunguzi uliofuata ulionyesha njia mojawapo kubwa: mboga zinazolimwa hapo hapo, zile tunazokula na bukari. Kuosha lengalenga kunaondoa vumbi la juu. Kilichopanda kupitia mizizi kinabaki. Nyanya, kwa kuwa ni tunda, kwa kawaida inabeba metali kidogo kuliko mboga za majani, lakini hilo halitoshi kuwa kinga.

Hapa kilimo cha ndani kina fundisho la kweli: kinautenga mmea na ardhi. Fundisho hilo halihitaji taa. Magunia yenye udongo uliopimwa, maji yasiyotoka katika vijito vya viwanda, na paa la plastiki lililo wazi pembeni ili hewa ipite, vinaweza kuilinda nyanya na mvua pamoja na vumbi. Mbolea ya samadi nayo itoke mahali panapojulikana.

Gharama kubwa ni kupima, na mama mwenye bustani ya hatua kumi hawezi kuibeba peke yake. Pesa zipo katika sheria. Kanuni ya Madini ya 2018 inazipa mamlaka za maeneo asilimia 15 ya mrabaha wa madini, na inalazimisha kampuni kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Viongozi wa Likasi wakitumia sehemu ya pesa hizo kupima udongo na maji ya bustani, kisha kubandika matokeo sokoni na kwenye mitaa, kila familia itajua wapi pa kupanda na wapi pa kuacha. Nyanya za taa zinaweza kusubiri. Mboga za leo jioni haziwezi.