Chizi haumwi? Muulizeni mchimba kaburi

Kaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa, Tanga au Mwanza, umsubiri yule mtu wa jalalani apite na viroba vyake. Hutakaa sana kabla hujamsikia mmoja akisema: "Mnamwona yule? Anakula makombo, analala nje na mvua yote hii, na hata mafua hayamshiki. Sisi tunaochemsha maji ndio kila wiki tuko hospitali." Watu watacheka, kahawa itaongezwa, wala hakuna atakayebisha. Chizi haumwi. Kauli hii nimeisikia kwa mama lishe, kwa makonda na kwa walimu. Nimeisikia pia, na hapo ndipo damu inaponichemka, kwa watu waliovaa makoti meupe.

Ni uongo, na uongo wenyewe unaua. Shirika la Afya Duniani (WHO) limesema kwa miaka sasa kwamba watu wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wenzao, na kwamba wengi wao huondolewa na maradhi ya mwili yanayozuilika. Maradhi yenyewe ni haya haya tunayoyajua: presha, kisukari, kiharusi, nimonia, kifua kikuu.

Nitachukua ugonjwa mmoja, baipola, kwa sababu unaivuruga picha tuliyonayo ya "chizi". Mtu wa baipola huenda hajawahi kulala jalalani hata siku moja. Ni mwalimu wa mwanao, karani wa benki, fundi wako wa nguo. Kuna majuma anapaa: halali, anaongea bila kituo, anafungua biashara tatu kwa mpigo na kugawa akiba ya nyumba kwa watu asiowajua. Kisha anaanguka katika sonona, kitandani hatoki, chakula hakipiti. Katikati ya vipindi hivyo anaweza kuwa mzima kama wewe na mimi. WHO ilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu. Hao nao tumewatia katika kapu la "hawaumwi".

Sasa tutazame makaburi. Sweden ni nchi ambayo serikali inahesabu raia wake kwa makini na matibabu yanamfikia hata maskini. Watafiti wa huko walichunguza kumbukumbu za watu wazima zaidi ya milioni 6, wakiwamo zaidi ya 6,600 wenye baipola, na wakachapisha matokeo mwaka 2013. Wanawake wenye baipola walikufa miaka 9 kabla ya wenzao, wanaume miaka 8 na nusu. Waliuawa na nini? Moyo, kisukari, mapafu, ajali, kujiua. Na wale mliosema mafua hayamshiki chizi, sikilizeni vizuri: walikufa pia kwa mafua makali na nimonia, tena kwa kiwango kinachozidi kwa mbali kile cha watu wengine.

Hapo msomaji mmoja ataninyooshea kidole: "Lakini hawa si wanajiua?" Huo ni mdogo wake ule uongo wa kwanza, na ndio unaopendwa na wasomi. Ni kweli kwamba hatari ya kujiua kwa mwenye baipola ni kubwa mno, mara nyingi zaidi kuliko kwa mtu wa kawaida, na asiitanie mtu. Lakini Finland waliwafuatilia watu 47,018 wenye ugonjwa huu kati ya mwaka 2004 na 2018. Walifariki 3,300. Katika kila vifo 100, vifo 61 vilitokana na maradhi ya mwili, yakitangulia madhara ya pombe, kisha moyo na kiharusi, kisha saratani. Waliojiua walikuwa 740, chini ya robo. Anayemlinda ndugu yake na kamba peke yake, akasahau presha yake, amefunga mlango mmoja na kuacha mitatu wazi.

Wengine watasema hayo ni ya Wazungu. Haya, twende Butajira nchini Ethiopia, kusini mwa Addis Ababa, vijijini kwa wakulima. Watu 919 wenye magonjwa makali ya akili, baipola ikiwamo, walifuatiliwa kwa miaka 10. Walikufa 121. Karibu nusu ya vifo hivyo vilisababishwa na maradhi ya kuambukiza, na umri waliopoteza ulikuwa takriban miongo mitatu. Sweden wanapoteza miaka tisa, Ethiopia thelathini. Kadiri umaskini unavyozidi, ndivyo huyu "asiyeumwa" anavyokufa haraka zaidi.

Basi kwa nini kijiwe kinaamini kinyume? Kwa sababu kijiwe kinamhesabu aliye hai. Yule wa jalalani mnayemwona leo ni aliyebaki. Wa mwaka juzi, aliyekuwa akilala nje ya soko, yuko wapi? Hakuna aliyeuliza. Alipoacha kuonekana mlisema amehama, na manispaa ikamzika bila matanga. Hata anayefia nyumbani, mikononi mwa mama yake, hana bahati ya kuulizwa. Msibani mtu akiuliza, "Marehemu alikuwa anasumbuliwa na nini?" jibu huwa fupi: "Si yale yale yake." Mazungumzo yanaishia hapo. Mzima akifa tunataka kujua ni moyo au ini. Mgonjwa wa akili akifa, ugonjwa wake wa akili unageuka cheti cha kifo.

Uzembe huo hauanzii kaburini. Katika kliniki moja ya afya ya akili ambayo sitaitaja, niliketi benchi moja na mzee aliyemleta binti yake. Binti alikuwa kwenye kipindi kizuri, ametulia, ila mwili umemjaa tangu aanze vidonge vya olanzapini. Foleni ilikuwa ndefu, muuguzi mmoja, daftari moja. Maswali yalikuwa matatu: anakunywa dawa, analala, anafanya fujo? Binti akajisemea mwenyewe: "Sista, kiu inanisumbua sana. Usiku naamka kwenda chooni kila saa, na macho yanaona ukungu." Muuguzi hakumtazama. Alimgeukia baba: "Mzee wangu, hayo ni mawazo tu, atazoea. Dawa hizi hapa za mwezi."

Mama yeyote mwenye akili timamu akisema kiu, mkojo wa usiku na macho kufifia, hata muuza genge atamwambia akapime sukari. Kipimo kilikuwa jengo la pili, hatua chache tu kutoka kwenye benchi letu. Hakuna aliyemtuma. Simlaumu muuguzi peke yake, maana alikuwa na wagonjwa kibao na chumba kisicho hata na mizani. Ninachokilaumu ni ile imani iliyokuwa kichwani mwake kabla binti hajafungua kinywa: kwamba anayetibiwa akili, kila anachokisema ni akili.

Na hapa lazima tuseme ukweli kuhusu dawa, maana ziko pande mbili. Olanzapini na valproeti huweza kunenepesha. Olanzapini huweza pia kupandisha sukari na mafuta ya damu. Lithiamu, ambayo John Cade wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949, bado ni miongoni mwa dawa bora za baipola na imethibitika kupunguza vifo vya kujiua. Lakini inataka damu ipimwe mara kwa mara, pamoja na figo na tezi la shingo, kwa sababu umbali kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni mfupi. Mgonjwa akiharisha au akikaukiwa maji kwa jua la pwani, kiwango cha dawa kwenye damu hupanda. Akiumwa mgongo akanunua diklofenaki au ibuprofeni duka la dawa, kiwango huweza kupanda. Akianzishwa baadhi ya vidonge vya presha vinavyokojoza, vivyo hivyo. Mikono itatetemeka, atapepesuka, ulimi utakuwa mzito. Majirani watasema ugonjwa umempanda, na badala ya kukimbizwa hospitali kwa sumu iliyomo kwenye damu atafungiwa chumbani hadi atulie.

Kuna watakaoidaka aya hiyo na kupiga kelele: "Si tulisema? Dawa za hospitali ndizo zinazowaua, bora mganga!" Taratibu. Dawa yenye madhara hupimwa, haitupwi. Dereva wa basi haachi breki kwa kuwa breki hula tairi. Asiyetibiwa anabaki na msisimko unaomnyima usingizi wiki nzima huku moyo ukienda mbio, anabaki na pombe anayoinywa ili alale na sigara anazoziunganisha ili atulie, na anabaki na ile sonona inayomwonyesha kamba. Muuaji hapo si kidonge chenyewe. Ni kidonge kilichotolewa bila mizani, bila kipimo cha sukari na bila mtu wa kumuuliza mgonjwa mwili wake unasemaje.

Tuongeze na sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mtenda kosa. Kenya ilikuwa na kifungu chake, cha 226, hadi Mahakama Kuu ya Nairobi ilipotamka Januari 2025 kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Familia inayoogopa polisi humficha mgonjwa wake, na anayefichwa hapimwi chochote, akili wala mwili. Wahenga walishasema: mficha maradhi kilio humfichua.

Tena habari njema ipo, na ndiyo inayonifanya nikasirike badala ya kukata tamaa. Ule utafiti wa Sweden uligundua kwamba wagonjwa wa baipola ambao maradhi yao ya mwili yalikuwa yametambuliwa mapema walikaribiana zaidi na watu wengine katika hatari ya kufa kwa maradhi hayo. Maana yake ni nyepesi: sehemu kubwa ya miaka hii inayopotea haikuandikwa kwenye ubongo wa mgonjwa. Inapotea kwa sababu hakuna aliyempima.

Na vinavyohitajika si mitambo ya mabilioni. Ni mashine ya presha, mizani, futi ya kupima kiuno na kipimo cha sukari ndani ya chumba kile kile anachochukulia dawa zake za akili, siku ile ile, bila kumtuma jengo la pili ambako ataogopwa. WHO ilitoa mwongozo wake mwaka 2018 kuhusu afya ya mwili ya wagonjwa hawa, ukiwamo msaada wa kuacha tumbaku. Waganga wakuu wa mikoa na kaunti wasisubiri semina nyingine. Wakague kesho kliniki zao za afya ya akili waone ngapi zina mizani inayofanya kazi. Na daktari wa kawaida anayeona neno "baipola" kwenye faili la mtu mwenye maumivu ya kifua, ampime moyo kwanza kama angempima diwani.

Nawe ndugu msomaji, ikiwa una mgonjwa nyumbani, mwezi huu msitoke kliniki bila majibu manne: presha ngapi, sukari ngapi, uzito umepanda kiasi gani, na kama anatumia lithiamu, damu ilipimwa lini. Ukiambiwa "hayo ni mawazo tu", uliza tena, kwa adabu lakini kwa sauti. Na siku kijiweni mtu atakaposema chizi haumwi, usicheke. Mwambie: yule ana moyo, figo na mapafu kama yako, vinaumwa kama vyako, na kwa sababu hakuna anayevipima, vitamuua miaka mingi kabla yako.