MTEGAJI NA HAKIMU: JUU YA HAKI YA KANUNI ZA BARAZA KATIKA VITENDAWILI NA MICHEZO YA KASKAZINI MASHARIKI

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Afrika Mashariki zimo kauli mbili kuhusu kanuni za michezo ya lugha ambazo, ingawa zapingana, zimeishi pamoja kwa amani zisiyoistahili. Ya kwanza yadai kwamba kila utanzu una kanuni zake zilizokwisha kuandikwa, na kwamba tofauti yoyote inayozuka katika baraza fulani ni upotovu unaopaswa kusahihishwa. Ya pili yadai kwamba kila baraza lina kanuni zake, na kwa hiyo mtu wa nje hana haki ya kuzihukumu. Ya kwanza hukipa kitabu mamlaka ya hakimu. Ya pili humpa mwenye baraza mamlaka hayo hayo. Hakuna hata moja inayouliza swali la msingi: kanuni hiyo, iwe imeandikwa au haikuandikwa, yamtendea haki yule anayeitwa kuicheza?

Makala haya yanashikilia kwamba kanuni ya baraza yaweza kuhukumiwa, na kwamba vigezo vya kuihukumu ni vitatu. Kwanza, kanuni ijulikane kabla ya mchezo kuanza. Pili, imfunge aliyeiweka kama inavyowafunga wengine. Tatu, imwachie anayeelekea kushindwa njia ya kujibu. Umri wa kanuni, asili yake na heshima ya kitabu kilichoichapa si hoja. Mifano mikuu imetolewa Garissa na eneo la Kaskazini Mashariki mwa Kenya, kwa sababu huko baraza la Kiswahili lililoletwa na shule hukutana na baraza la Kisomali lililokuwapo kabla yake, na kila moja lina kanuni ambazo jingine halikuambiwa.

Mji unaochukuliwa

Muundo wa kikao cha vitendawili vya Kiswahili wajulikana. Mtegaji husema "Kitendawili!", hadhira hujibu "Tega!", naye hutega. Wakishindwa kufumbua, huwadai mji. Hupewa mji, akiuona mdogo huukataa na kudai mwingine, akiridhika huupokea, hujisifia safari yake ya kwenda huko, kisha hutoa jibu. Haya ndiyo yanayopatikana vitabuni. Yasiyopatikana ni mengi zaidi: hadhira yaruhusiwa kujaribu mara ngapi kabla ya mji kudaiwa? Mtegaji aweza kukataa miji mingapi? Aliyefumbua ndiye ategaye baadaye, au zamu huzunguka? Na la uzito kuliko yote: jibu likiafikiana na tega lakini si lile ambalo mtegaji alilikusudia, mji bado wachukuliwa?

Mikusanyo mingi ya vitendawili haina nafasi ya maswali hayo. Huchapa tega upande mmoja na jibu upande wa pili, kama daftari la duka linavyochapa bidhaa na bei yake. Ubishi wote uliokuwa kati ya tega na jibu, ambao ndio uhai wa utanzu huu, umefutwa. Kilichobaki ni kanuni moja ambayo haikutamkwa na mtu yeyote: jibu ni moja tu, nalo ni lile lililochapwa.

Kanuni hiyo haikukaa vitabuni tu. Tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, fasihi simulizi imefundishwa na kutahiniwa katika shule za Kenya nzima, na kitendawili kimeingia darasani kikiwa kimevaa sare ya mtihani. Mwalimu mwenye mwongozo wa majibu ni mtegaji asiyeweza kushindwa.

Kuku na miiba yake

Uchukuliwe mfano unaofahamika na takriban kila mwanafunzi: "Kuku wangu katagia miibani." Jibu la vitabuni ni nanasi. Katika Pwani au katika mashamba ya Thika jibu hili ni zuri, kwa kuwa tunda hilo hukaa katikati ya majani yenye miiba na kila mtu amekwisha kuliona. Garissa ni mji wa ukingo wa mashariki wa Mto Tana. Kando ya mto hulimwa migomba na miembe, lakini anayeupa mto mgongo haendi mbali kabla ya kuingia katika nchi kame ya mifugo na migunga. Nanasi huko ni kitu cha sokoni, hufika likiwa limekatwa na kutengwa na majani yake. Miiba ya nanasi ni habari. Miiba ya mgunga ni maisha.

Ichukuliwe basi kwamba mtoto wa huko, baada ya kutegewa, ajibu: "Utomvu wa mgunga." Ukitoka katika gome lililopasuka, utomvu huo, ambao Wasomali huuita xabag, huganda ukawa vidonge vya mviringo, vya rangi ya kaharabu, navyo hupatikana katikati ya miiba mikali. Watoto wa wafugaji huuchuma na kuutafuna. Kwa kigezo cha sitiari jibu hili halipungukiwi na kitu: yai lipo, kutaga kupo kwa sababu mti ndio uliolitoa, na miiba ipo. Pengine lazidi lile la vitabuni, kwani vidonge vya utomvu hulingana na yai kwa umbo na huwa vingi kama mayai ya kiota, ilhali nanasi ni moja na halina umbo la yai ila kwa mbali.

Katika baraza la mwongozo wa majibu mtoto huyu amekosa. Mji umechukuliwa, au alama imekatwa. Kanuni iliyomshinda ipimwe kwa vigezo vitatu. Je, aliambiwa kabla? Hakuambiwa, aliambiwa afumbue, hakuambiwa akisie neno lililo kichwani mwa mtu mwingine. Je, kanuni yamfunga mtegaji? Haimfungi, maana yeye ndiye aliyetega na ndiye aamuaye kama amejibiwa. Hii ni kesi ya nyani iliyopelekewa ngedere. Je, aliachiwa njia ya kujibu? La, neno "umekosa" hufunga mlango. Kanuni imeanguka mara tatu.

Upo utetezi wa kanuni hii unaostahili kujibiwa. Husemwa kwamba majibu ya vitendawili ni urithi, na kwamba kila jibu likikubaliwa urithi utapotea na mchezo wenyewe utakosa maana. Utetezi huu wachanganya mambo mawili. Hakuna anayedai kwamba kila jibu likubaliwe. Atakayejibu "ngamia" amekosa katika baraza lolote, Garissa na Lamu pia, kwa sababu hawezi kueleza yai liko wapi wala miiba iko wapi. Jibu lenye haki ni lile linaloweza kutoa hesabu ya kila ishara iliyomo katika tega. Wala hakuna anayedai kwamba nanasi lifutwe. Mtegaji atalitaja kama alivyolirithi. Kinachokataliwa ni yeye kuchukua mji wa mtu aliyemjibu.

Pia yawezekana baraza likatangaza waziwazi tangu mwanzo kwamba litakubali majibu ya wazee peke yake. Tangazo hilo latosheleza kigezo cha kwanza, lakini mchezo wa namna hiyo ni wa kukumbuka, si wa kufumbua. Basi uitwe kwa jina lake.

Shax: kanuni inayofungua njia

Wanaoamini kwamba baraza lisilo na kitabu halina haki wautazame mchezo wa shax, unaochezwa na Wasomali chini ya vivuli vya miti kwa mistari iliyochorwa mchangani. Umbo lake ni miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, iliyounganishwa katikati ya pande zake, yenye vituo 24. Kila mchezaji ana kete 12, nazo huwekwa moja moja kwa zamu hadi vituo vyote vijae. Katika hatua hiyo hakuna kula, hata kama mtu amepanga kete tatu katika mstari mmoja, mpango unaoitwa jare. Aliyetangulia kupata jare ndiye atakayeanza kuondoa kete ya mwenziwe. Ikiwa hakuna aliyeipata, haki hiyo ni ya yule aliyeweka wa pili. Baada ya hapo kete huanza kusogezwa, na kila jare mpya hula kete moja.

Kanuni inayohusu mjadala huu ni ile ya mchezaji aliyezibiwa njia zote. Katika mchezo wa Ulaya unaofanana sana na huu, wenye miraba ile ile na kete tisa kwa kila upande, aliyekosa njia ameshindwa papo hapo. Katika shax, mwenziwe hulazimika kusogea tena ili ampishe, na akipata jare katika kusogea huko haruhusiwi kula. Ubao ni karibu mmoja. Hukumu zimepingana kabisa. Kijana aliyejifunza kwa kitabu cha Ulaya angesimama na kudai ushindi katika dakika ile ile ambayo mzee angemtaka afungue njia.

Ni rahisi kwa mhakiki kukimbilia kusema kwamba kanuni hii ni kioo cha maadili ya wafugaji, wasiomnyima mtu njia ya kisimani. Dai hilo lapendeza lakini halina ushahidi, na uhakiki hauhitaji kupendeza. Yatosha kutazama kanuni inavyofanya kazi. Yajulikana kabla ya kete ya kwanza kuwekwa. Yawafunga wote wawili, kwa kuwa anayeziba leo atazibwa kesho. Nayo humwachia aliyebanwa nafasi ya kujibu. Kanuni ya Ulaya haikosi haki kwa kuwa ni kali; kwa wanaoijua kabla nayo yapita vigezo viwili vya kwanza, ingawa kwa cha tatu shax imeizidi. Dhuluma ingekuwa kuanza mchezo kwa kanuni moja na kuumaliza kwa nyingine.

Ukali si dhuluma

Hapa ndipo kauli ya pili, ile ya kila baraza na lake, inapowavutia wengi kwa kudhani kwamba kuhukumu kanuni ni kuilegeza. Mnyororo wa mashairi ya Kisomali uitwao Deelley, ulioanzishwa na Gaarriye na Hadraawi mwaka 1979 kuhusu ubaya wa ukabila, wakanusha dhana hiyo. Aliyetaka kuingia katika majibizano hayo alilazimika kufuata urari wa sauti ya "d" tangu mwanzo wa shairi hadi mwisho. Ni kanuni kali kuliko vina na mizani vya Kiswahili. Hata hivyo ilitangazwa na jina lenyewe la mnyororo, iliwabana waanzilishi kabla ya wafuasi, na ilimwachia kila aliyeshambuliwa uwanja wa kujibu. Washairi wengi waliingia. Ni kali, na ni ya haki.

Mgogoro wa ushairi wa Kiswahili ungeweza kunufaika na tofauti hii. Tangu Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na hasa baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, wahakiki wamebishana kama arudhi ni asili ya ushairi au si asili. Swali la asili haliwezi kuamua haki. Anayeingia uwanja wa tarbia akijua masharti yake hajadhulumiwa. Anayeandika shairi huru kisha akapimwa kwa masharti ya tarbia amepokonywa mji kwa kanuni ya nyumba asiyoingia.

Meza na pazia

Suala hili si la Afrika Mashariki peke yake. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha nchini Marekani mchezo wa Dungeons & Dragons, ambao ni masimulizi ya papo kwa papo: wachezaji wachache huketi mezani, kila mmoja huwa mhusika, na msimulizi mmoja huueleza ulimwengu na kuamua matokeo kwa msaada wa dadu. Vijitabu vya kwanza viliachia kila meza nafasi kubwa ya kujitungia kanuni. Kufikia mwaka 1979, katika mwongozo wake kwa wasimulizi, Gygax mwenyewe alihimiza usawa wa kanuni kati ya meza na meza. Kauli zote mbili zilizotajwa mwanzoni zilipita katika mikono ya mtu mmoja kwa muda wa miaka mitano.

Yupo msimulizi anayerusha dadu nyuma ya pazia na, baada ya kuziona, hutangaza kanuni mpya ya meza yake. Huyo ni ndugu wa mtegaji wa kitendawili. Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Tofauti ni kwamba msimulizi, kwa nafasi yake, si mshindani wa wachezaji, ilhali mtegaji ni mshindani na hakimu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo baraza la vitendawili lahitaji ulinzi wa haki kuliko meza ya Marekani.

Hitimisho

Wenyeji wa Kaskazini Mashariki hawahitaji kufundishwa maana ya kanuni isiyomfunga aliyeiweka. Eneo hilo liliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari mwishoni mwa mwaka 1963, zikaendelea hadi mwaka 1991. Na mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda huko kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Mchezo si serikali, na alama ya mtihani si risasi. Lakini mtoto anayeambiwa kwamba amekosa, bila kuelezwa kwa kanuni ipi na bila kupewa nafasi ya kujitetea, anafundishwa jambo moja na lile lile.

Yanayodaiwa si makubwa. Mkusanyaji wa vitendawili achape, pamoja na jibu, majibu mengine yaliyotolewa na ubishi uliofuata. Mtahini aulize jibu na sababu yake, na alama iwe ya sababu. Na katika baraza lenyewe, jibu likikataliwa, aliyelitoa apewe nafasi ya kueleza kila ishara ya tega, kisha hadhira ndiyo iamue, si mtegaji. Hadhira ikiridhika kwamba mgunga wataga miibani, mji haudaiwi.