Ngeli pekee hazitamfunza mtoto wa Dabani Kiswahili

MTOTO wa darasa la tano kutoka Dabani, wilayani Busia nchini Uganda, akitumwa na mamake kununua sabuni upande wa Kenya hana shida. Atauliza bei, ataomba apunguziwe, atahesabu chenji kwa shilingi za nchi mbili na kurejea nyumbani na sabuni yake. Mara nyingi mazungumzo hayo huwa ya Kiswahili, hata kama ni cha kuungaunga. Mwite mtoto huyo huyo mbele ya darasa, umtake aseme wingi wa “ufunguo wangu umepotea”, naye atainamisha kichwa.

Kinaya hiki kinafaa kuwashughulisha wote wanaopanga jinsi Kiswahili kitakavyofundishwa Uganda. Mnamo Julai 2022, Baraza la Mawaziri la nchi hiyo liliidhinisha utekelezaji wa agizo la viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu Kiswahili, na kupendekeza kiwe somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari. Agizo lenyewe lilitolewa Februari 2021, wakati kikao cha 21 cha marais kilipokipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi ya jumuiya pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Kabla ya hapo, mtaala mpya wa sekondari ulioanza kutumika 2020 ulikuwa tayari umekifanya somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza.

Ikumbukwe kwamba Uganda imewahi kupita njia hii. Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mnamo 1973. Waraka wa serikali kuhusu elimu wa 1992 ulitaka kifundishwe shuleni. Katiba ilipofanyiwa marekebisho 2005, kikawa lugha rasmi ya pili, kitumike kwa namna ambayo Bunge lingeamua. Kila mara karatasi ilitangulia na darasa likabaki nyuma.

Kama kuna mahali ambapo darasa lingeweza kuifikia karatasi, basi ni Dabani na vijiji vinavyotapakaa kutoka Busia hadi Tororo. Wasamia na Wateso wana jamaa pande zote mbili za mpaka, kwa kuwa mkoloni alichora mstari wake katikati ya boma la ukoo mmoja. Reli ya kwenda Kampala ilipitia Tororo. Hata neno boda boda, ambalo sasa linatumika kote Afrika Mashariki, linasemekana kuanzia hapa kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu na mizigo. Katika maeneo mengine ya Uganda, watu wengi walikihusisha Kiswahili na wanajeshi waliowanyanyasa. Huku mpakani ni lugha ya kuuza maharagwe.

Tatizo, basi, si chuki wala ugeni wa lugha. Ni namna ya kuifundisha, na hasa katika madarasa ya kati. Chini ya mtaala ulioanza 2007, mtoto wa Uganda hufundishwa kwa lugha ya mama hadi darasa la tatu, huvukishwa katika darasa la nne, kisha kuanzia la tano kila kitu huwa Kiingereza. Kiswahili kikiingia hapo kikiwa na orodha ya ngeli na methali za kukariri, kitamkuta mtoto bado anahangaika na lugha nyingine. Litakuwa somo jingine la kuanguka.

Kuna njia nyingine, nayo si mpya. Kuanzia 1979 hadi 1984, mwalimu na mtaalamu wa India, N.S. Prabhu, aliongoza mradi wa kufundisha Kiingereza katika shule kadhaa kusini mwa nchi hiyo, ukianzia Bangalore. Wazo lake lilikuwa kwamba mtoto hujifunza lugha vyema zaidi akili yake inaposhughulika na jambo jingine linalohitaji lugha hiyo: kusoma ratiba ya treni, kutafuta njia kwenye ramani, kukokotoa hesabu ya safari. Mwalimu hatangazi kwamba leo tunasoma wakati uliopita. Anatoa kazi, na kazi ina jibu la kutafutwa.

Hebu tuipeleke kazi hiyo Dabani. Mwalimu anaandika ubaoni, kwa bei za kubuni: mama ana kilo 50 za maharagwe. Upande wa Uganda kilo ni shilingi 4,000. Upande wa Kenya ni shilingi 150, na shilingi moja ya Kenya inabadilishwa kwa 28 za Uganda. Boda boda wa kuvusha mzigo anataka 3,000 za Uganda. Auze wapi?

Anayekokotoa atapata kwamba akiuza Kenya atapokea 210,000, atoe nauli, abaki na 207,000, dhidi ya 200,000 za nyumbani. Kisha mwalimu anabadilisha: je, kama ana kilo kumi tu? Sasa ni 42,000 kutoa 3,000, nayo ni pungufu ya 40,000 ambazo angepata bila kuvuka. Darasa litagawanyika, na wenye mawazo tofauti watalazimika kutetea jibu lao. Mmoja atasema, “Mama asiende Kenya juu pesa ya boda ni mingi.” Mwalimu atalikubali jibu na kulirudia kwa ufasaha: kweli, asiende, kwa sababu pesa za boda ni nyingi. Mtoto amesahihishwa bila kunyamazishwa.

Watetezi wa sarufi watauliza: na ngeli zitafundishwa lini? Swali hilo lina uzito. Prabhu hakutenga vipindi vya sarufi. Wataalamu waliomfuata, akiwemo Jane Willis katika kitabu chake cha 1996, waliweka sehemu ya mwisho ya somo kwa ajili ya lugha yenyewe, baada ya kazi kukamilika. Kwa eneo hili, naona Willis ndiye wa kufuatwa, na sababu ni wanafunzi wenyewe. Mtoto wa Kisamia tayari ana ngeli kichwani. Anayesema omundu na abandu nyumbani hahitaji miezi kueleweshwa mtu na watu. Aliyeketi kando yake huenda anazungumza Kiteso au Kidhopadhola, lugha ambazo hazina mfumo huo wa Kibantu. Huyo asipoonyeshwa wazi atabaki na “pesa mingi” hadi uzeeni. Ila aonyeshwe baada ya kulihitaji neno, wala si kabla.

Wengine watasema madarasa yamefurika tangu elimu ya msingi ya bure ianze Uganda 1997, na kwamba huwezi kugawa watoto wengi hivyo katika vikundi. Hapa mradi wa India una funzo ambalo husahaulika. Prabhu hakupendelea vikundi. Alihofia kwamba wanaoanza kujifunza wangeambukizana makosa, hivyo mwalimu alifanya kazi ya kwanza na darasa zima, kisha kila mtoto akajaribu nyingine inayofanana nayo peke yake. Ubao, chaki na swali zuri vilitosha. Tathmini iliyochapishwa na Alan Beretta na Alan Davies 1985 ilipata kwamba watoto wa mradi huo kwa jumla waliwashinda wenzao katika kuitumia lugha, ingawa wale waliofundishwa kwa njia ya zamani waliongoza katika mtihani wa miundo ya sentensi. Kila upande ulifaulu katika kile ulichofunzwa.

Kizuizi ambacho sioni jinsi ya kukikwepa ni mwalimu. Njia hii inahitaji mtu anayeweza kuzungumza Kiswahili kwa nusu saa bila kusoma kitabuni, na Uganda ina uhaba mkubwa wa walimu wa aina hiyo katika shule za msingi. Ng’ambo ya mpaka, Kenya ina walimu waliohitimu ambao wamekaa miaka wakingoja kuajiriwa. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutekelezwa Julai 2010, ilikusudiwa kuwafungulia wafanyakazi njia ya kuvuka mipaka. Kama lori la saruji linavuka, sioni kwa nini mwalimu ashindwe.

Lakini Uganda isiazime kila kitu kutoka Kenya. Sisi tulikifanya Kiswahili kuwa cha lazima na cha kutahiniwa mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, na hadi KCPE ya mwisho 2023 mtahiniwa alikabiliwa na maswali 50 ya kuchagua jibu pamoja na insha. Shule zikafunza kuchagua. Insha nazo zikajaa majogoo yanayowika na miale ya jua la alfajiri, hata mada ikiwa ni ajali ya usiku. Mtaala wa umilisi ulioanza 2019 ulileta vitabu vyenye kusikiliza, kuzungumza na miradi, lakini tathmini ya kitaifa ya gredi ya sita ilipoanza 2022, maswali ya kuchagua yalirudi nayo.

Mpakani, kinachopotea hakiishii kwenye alama. Chini ya utaratibu wa biashara ndogo wa jumuiya, bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha asili na kusamehewa ushuru wa forodha. Mama asiyejua haki hiyo, au asiyeweza kumweleza afisa na kusikilizwa, atatafuta njia ya panya au atatoa kitu kidogo. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia, kilichozinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni mnamo Februari 2018, kiko hatua chache kutoka madarasa haya. Kujaza cheti hicho kwa niaba ya mama, kisha kuigiza mazungumzo na afisa, ni kazi tosha ya wiki nzima kwa darasa la sita.

Kazi kama hiyo itafanywa tu ikiwa inapimwa. Mwalimu wa Dabani atakapoletewa karatasi ya mfano ya mtihani wa Kiswahili, ataisoma kabla ya kuusoma mtaala. Akikuta humo wingi wa ufunguo, maharagwe yatafutwa ubaoni siku hiyo hiyo.