Kandarasi za Upishi, Usafi na Ulinzi Shuleni: Akiba Inatoka Wapi?

Kupungua kwa fedha zinazofika katika shule za umma nchini Kenya kumezifanya bodi za usimamizi kutazama upya gharama za wafanyakazi wasio walimu. Mojawapo ya mapendekezo yanayojadiliwa ni kukabidhi kampuni za nje kazi za upishi, usafi, ulinzi na ukarabati, kwa matumaini kwamba gharama zitashuka. Pendekezo hilo lina mantiki katika baadhi ya huduma na hatari katika nyingine. Wazazi wanaotakiwa kuliunga mkono wana haki ya kuelewa hesabu yake kabla ya kandarasi kutiwa saini.

Chimbuko la mjadala huu ni bajeti. Tangu 2018, kiwango rasmi cha mgao wa Serikali kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili ya umma kimekuwa Sh22,244 kwa mwaka. Fedha hizo hupangwa kutolewa kwa awamu tatu: asilimia 50 katika muhula wa kwanza, asilimia 30 katika muhula wa pili na asilimia 20 katika muhula wa tatu. Julai 2025, Waziri wa Hazina ya Taifa, John Mbadi, aliieleza Kamati ya Elimu ya Bunge la Taifa kwamba bajeti haikuweza kugharimia kiwango hicho kikamilifu, na kwamba kiasi kilichokuwa kikitengwa kilikuwa takribani Sh16,900. Baadaye Serikali ilifafanua kwamba mpango wa elimu bila malipo haukufutwa. Hata hivyo, pengo kati ya viwango hivyo viwili linabaki kuwa jambo ambalo kila mwalimu mkuu analazimika kulipangia.

Ukubwa wa pengo hilo unaweza kuonekana kwa mfano mmoja. Shule yenye wanafunzi 600 ingetarajia Sh13,346,400 kwa mwaka kwa kiwango kamili. Kwa kiwango cha Sh16,900, jumla hiyo inashuka hadi Sh10,140,000. Tofauti ni Sh3,206,400, hata kabla ya kuzingatia kwamba sehemu ya mgao hugharimia shughuli zinazosimamiwa kitaifa na haifiki katika akaunti ya shule.

Upungufu huo hauwagusi wote kwa kipimo kimoja. Walimu walioajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, hulipwa moja kwa moja na tume hiyo. Wapishi, mabawabu, wafagiaji, makarani na mafundi ni waajiriwa wa bodi ya usimamizi, ambayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaipa jukumu la kuwaajiri na kuwalipa. Mgao unapochelewa au kupungua, mishahara yao ndiyo ya kwanza kuyumba. Hapo ndipo wazo la kandarasi hupata nguvu: shule italipa ankara moja kila mwezi, na mzigo wa likizo, michango ya NSSF, ushuru wa nyumba na kutafuta mtu wa kuziba nafasi ya mgonjwa utakuwa wa mwanakandarasi.

Swali la kwanza ni iwapo ankara hiyo itakuwa ndogo kuliko mishahara ya sasa. Chukulia shule inayotumia Sh200,000 kwa mwezi kuwalipa wafanyakazi wake wa usafi na jikoni, pamoja na michango yao. Mwanakandarasi akiwachukua watu walewale kwa malipo yaleyale, kisha akaongeza asilimia 10 kwa usimamizi na faida, gharama inafika Sh220,000. Ikiwa kampuni yake imesajiliwa kutoza Ushuru wa Ziada ya Thamani, VAT, asilimia 16 huongezwa juu ya kiasi hicho, nayo ankara inakuwa Sh255,200. Shule haikutozwa ushuru huo ilipokuwa ikilipa mishahara yenyewe, na haina njia ya kudai urejeshwe.

Ili ankara isizidi Sh200,000 za awali, fedha zinazobaki kwa wafanyakazi zingepaswa kushuka hadi takribani Sh156,700. Huko ni kupungua kwa zaidi ya moja ya tano, na shule yenyewe ingekuwa bado haijaokoa hata shilingi moja. Ikitaka kuokoa, makato hayana budi kuwa makubwa zaidi. Mwanakandarasi ana njia tatu tu za kufika hapo: kupunguza idadi ya watu, kupunguza malipo yao, au kufanya kazi kwa ufanisi zaidi kwa kutumia mitambo na mpangilio bora. Njia ya pili ina sakafu yake, kwa kuwa kima cha chini cha mshahara kinawekwa na sheria. Ya kwanza huonekana baadaye katika vyoo visivyosafishwa na foleni ndefu wakati wa mlo. Ya tatu ndiyo akiba ya kweli, na bodi inapaswa kumtaka mzabuni aieleze kwa maandishi.

Akiba ya namna hiyo hupatikana zaidi katika huduma ambazo shule huzihitaji mara chache. Kunyonya maji taka, kunyunyizia dawa ya wadudu, kukarabati mfumo wa umeme au kutengeneza pampu ya kisima ni kazi za siku chache kwa mwaka, zinazohitaji vifaa ghali na ujuzi maalumu. Kumweka fundi wa kudumu kwa ajili ya kazi kama hizo ni kulipia muda usiotumika. Aidha, matokeo yake ni rahisi kukagua: pampu inafanya kazi au haifanyi.

Upishi unaweza pia kunufaika pale shule nyingi zinapohudumiwa kwa pamoja. Jijini Nairobi, mpango wa Dishi na County, ulioanzishwa 2023 na Serikali ya Kaunti kwa ushirikiano na shirika la Food4Education, huandaa chakula katika majiko makuu na kukisambaza shuleni. Mwanafunzi hulipa Sh5 kwa mlo. Somo lake kwa bodi za usimamizi linahitaji kusomwa kwa ukamilifu. Jiko kuu linalopikia maelfu ya watoto hupunguza gharama ya kila sahani, lakini mlo wa Sh5 unawezekana kwa sababu kaunti na mshirika wake hubeba sehemu kubwa ya gharama. Shule moja inayojitegemea, iliyo mbali na mji, haiwezi kutarajia bei hiyo kwa kubadilisha tu anayeshika mwiko.

Swali la pili ni la wakati wa malipo, na huenda ndilo zito zaidi. Kandarasi haiongezi fedha katika akaunti ya shule. Hubadilisha tu anayesubiri kulipwa. Mpishi aliyeajiriwa na bodi, anayeishi jirani na shule na mwenye watoto wanaosoma hapo, mara nyingi amevumilia mshahara wa kuchelewa. Uvumilivu huo haukustahili kugeuzwa kuwa mpango wa fedha, lakini umeziwezesha shule kuvuka vipindi vigumu. Kampuni yenye mkopo wa benki itaongeza gharama ya kuchelewa katika bei yake, au itawaondoa watu wake ankara zikirundikana. Shule isiyoweza kumlipa mpishi kwa wakati haitaweza kumlipa mwanakandarasi kwa wakati.

Uingereza imewahi kuonja athari za kutegemea kampuni moja kupita kiasi. Januari 2018, kampuni ya Carillion, iliyokuwa na wafanyakazi wapatao 43,000 duniani, ilifilisika. Miongoni mwa kazi zake zilikuwa upishi na usafi katika shule takribani 230. Katika jimbo la Oxfordshire, wazima moto waliwekwa tayari kupeleka chakula shuleni endapo huduma ingekatika. Serikali ililazimika kutoa fedha ili huduma za umma zilizokuwa mikononi mwa kampuni hiyo ziendelee. Kampuni ilikuwa imechukua kandarasi, lakini wajibu wa kuwalisha watoto ulikuwa umebaki kwa umma.

Ulinzi unahitaji tahadhari ya pekee. Moto wa Septemba 2024 katika shule ya Hillside Endarasha, Kaunti ya Nyeri, uliosababisha vifo vya wanafunzi 21, uliikumbusha nchi nzima kwamba usiku katika bweni ni saa za hatari. Mlinzi wa shule ya bweni anapaswa kujua ufunguo wa kila mlango, mahali pa vizima moto, na nyuso za watoto wanaoishi humo. Kampuni inayobadilisha walinzi kila wiki haiwezi kutoa ujuzi huo, hata kama imesajiliwa ipasavyo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi ya 2016. Bodi inayochagua njia hiyo haina budi kudai katika mkataba walinzi wa kudumu, waliochunguzwa rekodi zao na kufunzwa kuokoa watoto.

Gharama nyingine husahaulika kwa urahisi: ya kuwaachisha kazi waliopo. Sheria ya Ajira ya 2007 inaitaka bodi kutoa ilani ya angalau mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi, pale wanapokuwa wanachama, na kwa afisa wa kazi. Inaitaka pia kulipa fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi. Mpishi aliyehudumu miaka 12 anastahili malipo ya siku 180. Shule yenye watumishi kumi wa aina hiyo inaweza kutumia akiba yote ya mwaka wa kwanza, ikiwa ipo, kulipa fidia hiyo. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inazihusu shule za umma pia. Inakataza kuanzisha zabuni kabla ya afisa anayewajibika kuridhika kwamba fedha za kugharimia mkataba zimo katika bajeti iliyoidhinishwa. Sharti hilo lina uzito mkubwa wakati huu: bajeti iliyojengwa juu ya Sh22,244, ilhali kinachofika ni pungufu, si msingi salama wa kandarasi. Sheria hiyohiyo inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, nafasi inayoweza kuwafaa hata wapishi na wafagiaji wa sasa wakijiunga katika kikundi kilichosajiliwa.

Mkutano mkuu wa mwaka wa Chama cha Wazazi ni mahali panapofaa kuuliza maswali kabla ya uamuzi. Je, ankara inayopendekezwa imejumuisha VAT? Je, shule italipia upishi na usafi wa miezi 12, ilhali wanafunzi huwa likizoni kwa takribani miezi mitatu? Ni nani atakayekagua kazi kila siku, na kwa orodha gani? Kampuni ikiondoka katikati ya muhula, watoto watakula nini kesho yake? Fidia ya wanaoachishwa kazi imetengwa katika fungu lipi?

Bodi yenye majibu yaliyoandikwa inaweza kuendelea, hasa kwa zile huduma za mara chache zinazokaguliwa kwa urahisi. Isiyokuwa nayo itafanya vyema kuanza na hatua zilizo ndani ya uwezo wake: kuhakiki idadi halisi ya wanafunzi ili mgao ulingane nayo, kununua nafaka kwa pamoja na shule jirani wakati wa mavuno, kutumia majiko yanayopunguza kuni, na kuwapangia upya kazi watumishi waliopo.